Namna ya Kuandika Historia ya Dola Ndogo Chini ya Ukoloni: Mfano wa Usultani wa Witu

Anayetaka kuandika historia ya dola ndogo iliyomezwa na ukoloni hukutana na kikwazo kabla hajashika kalamu: karatasi nyingi zilizosalia ziliandikwa na wale waliokuja kuichukua dola hiyo. Ofisi za Berlin na London zilihifadhi barua zao kwa uangalifu mkubwa, ilhali nyumba ya mtawala mwenyewe, pamoja na makasha yake ya nyaraka, mara nyingi iliteketea. Mwongozo huu unafuata mfano wa Usultani wa Witu, uliokuwa ndani kidogo kutoka Kipini, katika pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Usultani huo uliwekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885, ukakabidhiwa Uingereza mwaka 1890, na ukaendelea kuwa na sultani kwa jina hadi mwaka 1923. Nimeuchagua kwa sababu ni mdogo kiasi cha mwandishi mmoja kuweza kuufahamu wote, na kwa sababu mtawala wake alikwenda mwenyewe kuwatafuta Wajerumani. Jambo hilo la pili huwatatiza waandishi wengi, nao huishia ama kumwita msaliti ama kulipita kimya. Yote mawili ni makosa.

Anza kabla ya bendera

Usianze na Mkutano wa Berlin. Ukianza hapo, kila atakayetokea katika kurasa zako ataonekana kama mtu aliyekuwa amekaa akimngoja Mzungu. Anza na swali jepesi zaidi: mtawala huyu alikuwa anamkimbia nani?

Kwa Witu, jibu linakurudisha kisiwa cha Pate. Ukoo wa Wanabahani, unaojinasibisha na Wanabahani wa Oman, ulitawala Pate kwa muda mrefu na kushindana na Lamu na Mombasa. Karibu na mwaka 1812, Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, na kwa njia hiyo mkono wa Waomani ukaingia katika visiwa hivyo. Pate haikukubali upesi. Katika miaka ya 1840 Siyu, mji mmoja wa kisiwa hicho, chini ya Bwana Mataka, ililishinda jeshi la Seyyid Said, na amiri wake akauawa huko. Lakini Zanzibar, makao ya Seyyid Said na ya waliomfuata, ilikuwa na fedha, merikebu na subira, na hatimaye Ahmad, Mnabahani anayejulikana zaidi kwa jina la Simba, alilazimika kuviacha visiwa. Alikaa Kau, kando ya Mto Ozi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1860 akajiimarisha Witu, katikati ya msitu ambamo askari wa Zanzibar hawakuweza kupenya kwa urahisi.

Msomaji akishalijua hilo, ataelewa kwa nini Richard Brenner, aliyefika pwani hiyo mwaka 1867 akifuatilia mauaji ya msafiri Karl Klaus von der Decken, alipokewa vizuri na Simba na kuelezwa kwamba Simba angependa ulinzi wa Prussia, dola kuu ya Wajerumani wakati huo. Hiyo ni miaka 18 kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa Witu. Simba hakudanganywa na mgeni aliyemkuta amelala. Alikuwa na adui mmoja, naye alikuwa akitafuta mtu mwenye nguvu wa kumweka kati yake na adui huyo. Hesabu hiyo ilikuja kumponza, au tuseme iliwaponza watoto wake, lakini ilikuwa hesabu, na wajibu wako wa kwanza ni kumweleza msomaji jinsi ilivyopigwa.

Chora ramani kwa mkono wako

Kabla ya kusoma mkataba wowote, chukua karatasi uchore pwani kuanzia Malindi hadi Kiwayu. Tia Mto Tana, Mto Ozi, Kau, Kipini, Witu, Mkonumbi, kisha visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Tia pia mfereji wa Belezoni, uliochimbwa na watu ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hadi Ozi. Baadaye maji ya Tana yenyewe yaliufuata mfereji huo, na leo mto huo unamwagika baharini Kipini. Usitumie basi ramani ya leo kueleza mambo ya mwaka 1885, kwa kuwa mto wenyewe umehama.

Ramani yako itakufundisha mambo ambayo barua za mabalozi hazikuona haja ya kuyaeleza. Anayeushika mfereji wa Belezoni ndiye anayeweza kutoza ushuru wa bidhaa zinazoshuka kwa Tana. Anayekaa Lamu anaiona kila merikebu inayoingia, lakini hawezi kuuona msitu wa Witu. Ndiyo maana ugomvi wa forodha uliozuka mwishoni mwa miaka ya 1880 kati ya Witu na watu wake wa Kijerumani kwa upande mmoja, na Zanzibar na kampuni ya Waingereza kwa upande wa pili, haukuwa jambo dogo hata kidogo. Suala la forodha ya Lamu lilifika mbele ya msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyetoa uamuzi wake mwaka 1889. Mtu wa Brussels aliamua nani akusanye ushuru Lamu, na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza mtawala wa Witu.

Linganisha kalenda mbili

Hatua hii inachosha, lakini usiiruke. Tengeneza jedwali la safu mbili: upande mmoja tarehe za Kizungu, upande wa pili tarehe za Hijria pamoja na majina ya miezi kama yanavyohesabiwa pwani, yaani Mfungo Mosi baada ya Ramadhani hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Barua za watawala na nasaba za familia zitakupa tarehe za safu ya pili, ripoti za manowari zitakupa za safu ya kwanza, na ni lazima ujue zinakutana wapi. Mkataba wa tarehe 8 Aprili 1885, kwa mfano, unaangukia Mfungo Tisa wa mwaka 1302.

Kazi hiyo humlipa mwandishi mahali asipotazamia. Mji wa Witu ulitekwa na kuchomwa na wanamaji wa Uingereza tarehe 27 Oktoba 1890. Ukiigeuza tarehe hiyo kwa hesabu ya kalenda utaona kwamba inaangukia katikati ya Mfungo Sita wa mwaka 1308, siku zile zile za Maulidi, ukiacha nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Ripoti ya kijeshi haina sababu ya kulitaja jambo hilo, kwa kuwa kwa aliyeiandika ilikuwa Jumatatu tu. Usikimbilie kudai kwamba siku hiyo ilichaguliwa makusudi. Kalenda imekupa swali la kuwaulizia watu na karatasi, na jibu utalitafuta. Hata hivyo, kwa maoni yangu, historia ya Witu inayolitaja shambulio hilo bila kuitaja Maulidi imeandikwa kutoka sitaha ya manowari.

Soma mkataba kama unavyosoma hati ya shamba

Mtu anayenunua shamba huuliza: muuzaji ni nani, mipaka iko wapi, kipimo ni kipi, mashahidi ni akina nani, na ni nani mwenye haki ambaye hayupo? Uulize mkataba wa kikoloni maswali hayo hayo.

Mwezi wa Aprili 1885 Simba aliwapa ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ardhi ambayo hutajwa kuwa maili 25 za mraba, na tarehe 27 Mei mwaka huo sehemu iliyobaki ya nchi yake ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Simama kwenye neno "maili". Maili 25 za mraba za Kiingereza ni takriban kilomita za mraba 65; maili 25 za mraba za Kijerumani, zile zilizotumiwa na wanajiografia wa wakati huo, ni karibu kilomita za mraba 1,376. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 20, na mwandishi anayenakili "maili 25" bila kuuliza ni maili ya nani amempa msomaji ama kijishamba ama wilaya nzima. Tafuta hati yenyewe, au ripoti iliyoandikwa karibu nayo kabisa, kisha eleza kipimo kwa kilomita.

Simama pia kwenye neno la ulinzi. Katika Kiarabu, neno himaya maana yake ni ulinzi, lakini katika Kiswahili cha leo twalitumia pia kwa maana ya dola kubwa inayotawala nchi za wengine. Safari hiyo ya maana inasimulia habari ya Witu kwa neno moja. Kwa Simba, kuingia katika himaya ya mtu kulikuwa kama jirani mnyonge anavyomshika mkono jirani mwenye nguvu, kila mmoja akibaki na nyumba yake. Kwa Berlin, neno la Kijerumani lililoandikwa mahali hapo lilifungua mlango wa kuihesabu Witu kuwa mali inayoweza kubadilishwa. Kila unapoandika "ulinzi" katika sura zako, jiulize unatumia maana ya nani, na umweleze msomaji wazi.

Kisha fuata mkataba mmoja baada ya mwingine, ukiandika pembeni jina la kila anayekosekana. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipinga tangazo la 1885 na kupeleka askari dhidi ya Witu. Mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake wa Zanzibar, naye akalazimika kukubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba Sultani wa Zanzibar aachiwe ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 hadi Kipini, na Witu itambuliwe kaskazini ya hapo. Halafu ukaja mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwao Ujerumani ilipata kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini na kuiachia Uingereza nafasi zake kadhaa, Witu ikiwemo. Kifungu kimoja cha mkataba huo kinasema Uingereza itatambua mamlaka ya Sultani wa Witu kuanzia Kipini hadi mkabala wa Kiwayu. Jina lake limo na mipaka yake imo, lakini yeye hakuwemo. Simba alikuwa amekwisha kufariki, na aliyekuwa kitini ni Fumo Bakari.

Usiache kutazama vitu vidogo vinavyofuatana na mikataba. Mwaka 1889 zilitolewa stempu za posta zenye jina la Suaheliland, nchi ya Waswahili, kwa niaba ya Witu. Wakusanyaji wa stempu wamebishana sana kama zilitumika kweli kupeleka barua. Kwako wewe kuna la zaidi: kwa nini dola iliyokuwa ndani ya msitu, ikiwa na maadui pande zote, ijitangaze kwa jina pana kuliko mipaka yake? Jina lenyewe ni ushahidi wa madai.

Andika tukio la damu kwa mikono miwili

Katika kila historia ya aina hii kuna siku ambayo karatasi zote zinakimbilia. Kwa Witu ni Septemba 1890. Mjerumani Andreas Küntzel alifika na wenzake kwa kazi ya mbao, wakati ambapo habari zilikuwa zimekwisha kuenea kwamba Ujerumani imeondoka. Palizuka ugomvi na watu wa sultani juu ya ruhusa na silaha. Taarifa za wakati huo zinaeleza kwamba Küntzel alimpiga risasi mlinzi wa lango, na baada ya hapo yeye na wenzake karibu wote wakauawa. Uingereza, ambayo haikuwa imepoteza raia katika ugomvi huo, ilimtuma Admirali Fremantle kuja kuadhibu. Vijiji vya pwani vikachomwa, Mkonumbi ikiwemo, kisha Witu yenyewe. Fumo Bakari alikimbilia Jongeni msituni na kufariki mapema mwaka 1891.

Andika tukio hilo mara mbili katika daftari lako. Mara ya kwanza litazame kutoka nje ya lango, kama kundi la Küntzel lilivyoliona. Mara ya pili litazame kutoka ndani, ambako watu walikuwa wamejua punde tu kwamba mlinzi waliyemchagua tangu 1867 amewauza kwa ajili ya kisiwa wasichokijua. Ukishamaliza, ndipo uandike toleo moja la kitabu. Ukiandika la pili tu, utakuwa wakili. Ukiandika la kwanza tu, utakuwa karani wa manowari. Katika rejista za nishani za Uingereza utakikuta kipande cha chuma cha kwenye utepe wa nishani chenye maneno "Witu 1890", na kingine cha Agosti 1893. Wanajeshi walipewa kumbukumbu ya chuma. Upande wa pili unasemekana kupoteza, katika moto ule, kitabu cha asili cha habari za wafalme wa Pate.

Hasara hiyo inaamua namna utakavyotumia habari za Pate zilizopo. Matoleo kadhaa yalinakiliwa na maofisa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20, na mengi yanarudi kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Wanabahani. Matoleo manne yanayokubaliana si mashahidi wanne ikiwa yametoka katika kinywa kimoja. Yasome yote, weka alama yanapohitilafiana, na ukumbuke kwamba msimulizi alikuwa akilinda heshima ya nyumba yake mbele ya serikali iliyoichoma.

Watafute ambao hawakutia saini

Hapa ndipo waandishi wengi huchoka, na hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Nguvu ya Simba haikutoka kwa Wajerumani pekee. Ilitoka kwa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, hasa upande wa Malindi, wakajenga vijiji vyenye maboma msituni. Simba aliwapa hifadhi, nao wakampa watu wa kulima na kupigana. Usiipambe habari hii: Witu yenyewe ilikuwa na watumwa, na mtawala aliyempokea mtoro wa adui yake hakuwa kwa hiyo mpinga utumwa. Lakini kwa mtu aliyekimbia, tofauti kati ya shamba la bwana na boma la Pumwani, kimoja cha vijiji hivyo vya msituni, ilikuwa maisha yake yote. Neno mtoro lenyewe ni neno la mwenye mali. Aliyeitwa hivyo huenda alijiona mtu aliyerudi kuwa mtu.

Watoro hawaonekani kwenye mikataba, lakini wanaonekana katika malalamiko: barua za wenye mashamba, maombi ya maliwali, ripoti za mabalozi. Kwa hiyo, ukienda katika hifadhi ya nyaraka ya Kew, Uingereza, usitafute jina la Witu peke yake. Mawasiliano mengi ya ubalozi wa Zanzibar hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890 yamo katika mfululizo wa FO 84, uliopewa jina la biashara ya utumwa. Faili za ofisi ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin-Lichterfelde, katika mfululizo wa R 1001. Zilizobaki utazitafuta Zanzibar, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, na Nairobi.

Kuwafuata watoro kutakulazimu pia kupanga sura zako upya. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuiendesha Witu mwaka 1891 iliondoka tarehe 31 Julai 1893, na siku chache baadaye Rennell Rodd aliongoza kikosi dhidi ya Pumwani na Jongeni. Katika vitabu vingi hilo ni kama tanbihi ya mwaka 1890. Kwa watu wa msituni vita vilikuwa vile vile, vikiendelea. Na utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907. Gawa sura zako kwa miaka hiyo, ukipenda, badala ya kuzigawa kwa bendera.

Kaa na wazee, kisha rudi

Ukienda Witu, Kipini, Lamu au Pate, nenda kwanza kwa wenyeji wa mji, ueleze unachotafuta, na ukubali kunywa kahawa siku mbili bila kuuliza lolote. Mwamkie kila mtu kwa cheo chake: mzee, maalimu, sharifu, Bi fulani. Anza na nasaba za wafalme, maana hizo husemwa hadharani na kwa fahari. Usiulize moja kwa moja kama babu wa fulani alikuwa mtumwa au mtoro. Swali hilo bado laweza kuvunja posa na kuharibu ujirani. Uliza habari za mahali: msitu ule waliishi nani, kisima hiki alichimba nani, kwa nini kijiji hiki kina jina hili. Watu husema mengi juu ya kisima ambayo wasingesema juu ya damu. Jina la mtu usiliandike kabla ya yeye mwenyewe kukuruhusu.

Waulize vilevile juu ya miaka ya kimya. Omar bin Hamed aliwekwa kuwa sultani mwaka 1895, mwaka ule ule Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, akaendelea hadi 1923, kisha cheo hicho kikaondolewa. Miaka 28 ni mingi kuliko enzi zote za Wajerumani na za kampuni zikijumlishwa, lakini mara nyingi hupewa sentensi moja. Uliza: alihukumu kesi gani, na zipi zilikwenda kwa ofisa wa Kiingereza? Nani aligawa ardhi? Hotuba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina la nani? Maswali hayo ndiyo yanayoonyesha jinsi usultani ulivyoweza kubaki na kiti, kilemba na jina huku nguvu ikihamia mezani kwa mtu mwingine.

Mswada ukikamilika, rudi nao na uwasomee kwa sauti wale waliokusimulia. Mzee akikukatiza na kusema "hapo sivyo", usifute ulichokitoa kwenye faili, wala usimbishie. Andika maneno yake chini ya maneno ya faili, kwa herufi za ukubwa ule ule, pamoja na tarehe uliyoyasikia.